Shajara ya mradi: kuhesabu nyumbu, pundamilia na swala wa nyanda za Athi-Kaputiei kwa picha za angani

NOVEMBA: ENEO NA MISTARI

Eneo la kazi ni Mbuga ya Taifa ya Nairobi, yenye kilomita za mraba 117, pamoja na nyanda za Athi-Kaputiei zinazoanzia ng'ambo ya mto Mbagathi na kuendelea kusini. Kwa mpaka tuliouchora, jumla ni takriban kilomita za mraba 2,200. Mbuga haifai kuhesabiwa peke yake. Ina uzio kaskazini, magharibi na mashariki, lakini kusini iko wazi. Kiangazi kikikaza wanyama huingia kufuata maji, na mvua zikishanyesha hutoka kufuata majani mafupi. Mtu akihesabu ndani ya mbuga Februari na akarudia Mei, atadhani pundamilia wamekwisha, kumbe wamevuka mto.

Kinachotusukuma ni nyumbu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa karibu 30,000 katika nyanda hizi, leo wamebaki elfu chache. Ploti, nyua, machimbo ya mawe na barabara zimekata njia zao za kwenda mazaliano. Kundi likishapungua kiasi hicho, tofauti ya mia tano ni jambo zito, na makadirio yenye kosa la elfu mbili hayamsaidii yeyote anayetetea njia ya kupita wanyama mbele ya kikao cha ardhi cha kaunti.

Hatupigi picha eneo lote. Tunaruka kwa mistari sambamba iliyoachana kilomita 2.5, kamera ikitazama chini wima, na kila mstari unatupa ukanda mwembamba wa ardhi ambao ni sampuli. Mstari wa kwanza umewekwa kwa bahati nasibu kati ya mita 0 na 2,500 kutoka ukingo wa eneo. Iliyobaki inaufuata kwa nafasi ileile. Bila bahati nasibu hiyo ya mwanzo hesabu ya kosa haina msingi. Mistari inakatiza mito na miteremko, haifuatani nayo: mstari unaotembea na bonde la mto tangu mwanzo hadi mwisho utajaa wanyama, jirani yake utakuwa mtupu, na tofauti hiyo ya mstari na mstari ndiyo inayovimbisha kosa.

Hesabu za picha ni hizi. Kamera ina kihisio cha milimita 36 kwa 24, pikseli 6,000 kwa 4,000, kwa hiyo kila pikseli ni maikromita 6. Lenzi ni ya milimita 35. Kimo ni futi 600 juu ya ardhi, yaani mita 183. Gawa kimo kwa urefu wa lenzi, zidisha kwa pikseli: kila pikseli inafunika sentimita 3.1 za ardhi. Picha nzima inafunika mita 188 kwa upana na 125 kwa mwelekeo wa ndege. Nyumbu wa mita mbili anakuwa na pikseli 60 na zaidi kwa urefu, swala tomi wa mita moja pikseli 30 hivi. Chini ya pikseli 20 mnyama huonekana kuwa yupo, lakini jina lake linakuwa la kubahatisha. Kwa hiyo futi 1,000 zingetupa ukanda mpana zaidi na kutunyima swala.

Upana wa mita 188 katika nafasi ya mita 2,500 ni sampuli ya asilimia 7.5. Jumla ya mistari ni kilomita 880 hivi.

Hali: ramani ya mistari imekamilika na imepakiwa kwenye GPS ya ndege.

VIBALI NA ANGA

Sehemu hii huchukua muda mrefu kuliko kuruka kwenyewe, kwa hiyo ianze mapema. Uwanja wa Wilson umepakana na mbuga, na ndege zinazoshuka uwanja wa kimataifa wa JKIA kutoka kusini-magharibi hupita juu ya mbuga hiyohiyo. Mistari ya kaskazini iko ndani ya anga linaloongozwa na minara miwili. Tumewapelekea waongozaji ramani yenye namba za mistari, ili redioni rubani aseme tu "mstari wa tatu, kuelekea mashariki, futi 600 juu ya ardhi" na aeleweke. Mistari hiyo inarukwa kwanza asubuhi, kabla ndege za kwenda Mara hazijaanza kufuatana.

Wengi huuliza kwa nini tusitumie droni. Kwa kilomita za mraba 2,200 droni ndogo yenye betri ya dakika 30, ambayo rubani wake anatakiwa aione kwa macho muda wote, haifikii kazi. Tena kanuni za Kenya za mwaka 2020 zinataka leseni ya mwendeshaji, na kurusha ndani ya mbuga kunahitaji ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, juu ya ile ya mamlaka ya anga. Droni inafaa kwa bwawa moja la viboko. Hapa karibu na viwanja viwili vya ndege hatukuifikiria mara mbili.

Kwenye ramani ya rubani tumetia alama nyekundu nyaya kubwa za umeme zinazoingia kituo cha Isinya, mitambo ya upepo ya Ngong na Kipeto, na minara ya simu. Futi 600 zinapita juu ya vingi vya hivyo, ila ardhi ikipanda ghafla nafasi huliwa haraka.

DESEMBA: KAMERA NA KIUNZI

Ndege ni Cessna 182 yenye tundu la sakafuni lililoidhinishwa kwa kamera. Tundu la kukata wenyewe haliruhusiwi; mabadiliko yoyote ya mwili wa ndege yanahitaji idhini ya mamlaka ya anga, na bima haimlipi mtu aliyeitoboa ndege kwa siri.

Mpangilio wa kamera:

Shata ni 1/2000 ya sekunde na haibadilishwi. Ndege inakwenda mita 50 kwa sekunde, hivyo katika muda huo ardhi inasogea sentimita 2.5, chini ya pikseli moja. Kwa 1/1000 inasogea sentimita 5, pikseli moja na nusu na zaidi, na swala tomi anaanza kufanana na kondoo. ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, inajichagua yenyewe lakini isivuke 1600. Tundu la lenzi f/4 hadi f/5.6. Fokasi ya moja kwa moja imezimwa. Lenzi imewekwa mbali kabisa, ikajaribiwa kwa kupiga picha jengo la mbali na kuikuza kwenye skrini, kisha pete yake ikafungwa kwa tepu ya kitambaa. Alama ya "mbali kabisa" iliyochorwa kwenye lenzi nyingi si sahihi, na mtetemo wa injini huizungusha pete polepole bila mtu kujua. Kidhibiti-mtikisiko cha lenzi nacho kizimwe, kwa sababu kinapambana na mtetemo ambao hakikutengenezewa.

Picha inapigwa kila sekunde 2. Kwa mita 50 kwa sekunde ndege inasogea mita 100, picha inafunika 125, kwa hiyo picha mbili zinalaliana asilimia 20. Ziada hiyo ni ya lazima, maana upepo wa nyuma ukiongeza mwendo hadi mita 60 kwa sekunde, ndege inasogea mita 120 na bado hakuna pengo.

Jambo la mwinuko wa Nairobi lazima liingie hapa. Wilson iko takriban futi 5,500 juu ya bahari, na kwenye kimo chetu cha futi 600 juu yake, kwa joto la nyuzi 25, hewa ni nyepesi kama ya futi 8,500 na zaidi. Kipima-mwendo kinachosoma noti 85 maana yake ndege inakata hewa kwa karibu noti 97, yaani kilomita 180 kwa saa. Ukipanga muda wa picha kwa namba ya kwenye saa ya rubani, utaila ziada ya kulaliana, na upepo wa nyuma ukija utaacha mapengo. Tumia mwendo wa GPS.

Tunahifadhi faili ghafi, yaani picha kama kihisio kilivyoipokea, pamoja na JPEG. Ghafi ni nzito, lakini mnyama aliyesimama kwenye kivuli cha mgunga anaweza kufunuliwa kutoka faili ghafi, kwenye JPEG amekwisha kuwa weusi mtupu. Kwa pamoja picha moja ni MB 40 hivi. Kadi ya GB 128 inachukua picha 3,200, nazo kwa sekunde 2 zinaisha ndani ya saa 1 na dakika 46. Kadi iwe ya kasi. Kadi ya bei rahisi huandika polepole kuliko kamera inavyopiga, kumbukumbu ya ndani inajaa, na kamera inaruka picha moja kila baada ya kumi bila kulalamika. Namba za faili zinakuwa zimefuatana vizuri kabisa. Pengo linaonekana tu ukitazama saa za picha.

Kiunzi ni bamba la alumini lililokaa juu ya raba nne za kuzuia mtetemo. Raba zikiwa laini mno kamera inayumba kila ndege inaporuka kwenye hewa mbaya. Zikiwa ngumu mno mtetemo wote unapita. Jaribio rahisi ni kuwasha injini ndege ikiwa imesimama, kuweka mzunguko wa injini wa kuruka, na kupiga picha lami iliyo chini. Chembe za kokoto zisipoonekana kali, badilisha raba.

Halafu kuna mafuta. Mrija wa kupumulia wa injini unatoa ukungu wa oili unaotambaa chini ya tumbo la ndege, na tundu la kamera liko njiani mwake. Baada ya saa moja kioo cha kinga mbele ya lenzi kina utando mwembamba. Picha hazionekani chafu. Zinakuwa tu na weupe kama wa asubuhi ya ukungu, na mtu anasingizia hali ya hewa. Kioo kinafutwa kila ndege inapotua, na kioo cha pili kinabebwa.

JANUARI: KUPIMA UPANA WA UKANDA

Anayesoma shajara hii akiwa na haraka, asome sehemu hii. Kuhesabu wanyama kwenye picha kunajulikana kuwa kazi, kila mtu anaona jasho lake. Kujua ni ardhi kiasi gani imepigwa picha hakutiliwi maanani, na ndiko makadirio mengi yanakoharibikia. Idadi ya mwisho ni wanyama kugawa eneo. Eneo likikosewa kwa asilimia 10, idadi yote inakosea hivyo hivyo, hata kama kila mnyama kwenye kila picha alihesabiwa na watu wawili makini.

Upana wa ukanda unategemea kimo moja kwa moja. Futi 660 badala ya 600 ni ukanda mpana kwa asilimia 10. Kipima-kimo cha kawaida cha ndege kinafuata mgandamizo wa hewa, kwa hiyo kinaonyesha kimo juu ya bahari, hakijui ardhi iko wapi. Sasa tazama nyanda zetu: upande wa Kiserian ardhi iko juu ya mita 1,700, na karibu na mji wa Athi River iko kama mita 1,500. Rubani akishika mkono wa saa yake palepale toka magharibi hadi mashariki, kimo chake juu ya ardhi kinabadilika kwa mita 200, zaidi ya kimo chote tulichopanga. Kwa hiyo ndege imefungwa kipima-kimo cha leza kinachotazama chini kando ya kamera na kuandika usomaji mara kadhaa kwa sekunde, na skrini ndogo mbele ya rubani inamwonyesha namba hiyo peke yake, kubwa, bila mapambo.

Leza nayo ina tabia zake. Juu ya maji tulivu haipati mwangwi na inatoa sifuri. Juu ya miti inapima kilele. Ndege ikiinama ubavu nyuzi 10, mstari wa leza unakuwa wa mshazari na kimo kinasomeka kirefu kwa asilimia 1.5, hilo ni dogo, tunaliacha. Usomaji wa sifuri unatupwa, na kimo cha kila picha ni wastani wa kati wa sekunde moja kabla na moja baada.

Upimaji wenyewe ulifanyika kwenye kiwanja cha changarawe cha Kajiado, kwa idhini ya wenyewe. Vibao vyeupe vya mita moja kwa moja vilipangwa kwa mstari unaokatiza njia ya ndege, kila mita 10, kwa urefu wa mita 300, vikapigiliwa misumari mirefu maana kishindo cha upepo wa pembeni huvigeuza. Ndege inapita juu yake kwa futi 400, 500, 600 na 700, kila kimo mara kadhaa. Kwenye kila picha unahesabu vibao vilivyoingia, unakadiria sehemu ya mwisho, unaandika kando ya usomaji wa leza. Nukta hizo zichorwe kwenye lahajedwali: zikae kwenye mstari ulionyooka unaopita karibu na sifuri. Zisipopita karibu na sifuri, huenda leza ina kosa la kudumu. Kamera iliyoinama nyuzi 5 inasogeza kitovu cha picha mita 16 pembeni kwa kimo chetu; upana haubadiliki sana, lakini mahali pa mnyama kwenye ramani panahama.

Saa ya kamera ndiyo kitu cha mwisho kupimwa. Sekunde 2 za tofauti kati ya saa ya kamera na GPS ni mita 100 ardhini. Dawa yake ni nyepesi: kabla ya kuruka na baada ya kutua kamera inaipiga picha skrini ya GPS inayoonyesha sekunde. Tofauti ya mwanzo na ya mwisho inagawanywa juu ya safari yote, kwa sababu saa ya kamera huchelewa kidogo kidogo kadiri inavyopata joto.

FEBRUARI: KURUKA

Februari imechaguliwa kwa makusudi. Ni kikavu, majani yameshuka, anga ni safi. Julai na Agosti Nairobi hufunikwa na mawingu ya chini hadi saa nne asubuhi, na kuruka futi 600 chini ya dari la wingu ni hatari. Hata pale inapowezekana mwanga ni hafifu, ISO inapanda, picha inajaa chembe.

Dirisha la kazi ni kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi. Jua la chini linatupa kivuli kirefu, na kwa picha ya wima kivuli ndicho kinachokuambia aina: mgongo wa kongoni na mgongo wa ng'ombe mwekundu vinafanana, lakini kivuli cha kongoni kina pembe zilizopindika na mabega yaliyoinuka. Twiga kutoka juu ni kidoa tu, kivuli chake kinamtaja. Baada ya saa nne wanyama wanaingia chini ya migunga, joto linapanda kutoka ardhini na kuitikisa ndege, na makorongo aina ya marabou na tumbusi wanaanza kupanda na hewa hiyohiyo katika kimo chetu. Ndege mwenye uzito wa kilo kadhaa akiingia kwenye kioo cha mbele, mradi umekwisha. Saa nne ikifika tunatua, mstari uwe umekwisha au haujaisha.

Kilomita 880 kwa kilomita 180 kwa saa ni saa 5 kasoro kidogo, lakini kona za mwisho wa mistari na safari ya kwenda na kurudi zinaongeza nusu yake. Ndege inakula kama lita 50 za petroli ya ndege kwa saa. Kona ichukuliwe pana, nje ya eneo, mabawa yasawazike kabla ya kuvuka mwanzo wa mstari. Picha zote zilizopigwa ndege ikiwa imeinama zaidi ya nyuzi 10 zinaondolewa kwenye wanyama na kwenye eneo pia. Ziondolewe pande zote mbili. Kuondoa wanyama na kuliacha eneo ni kujipunguzia idadi kimyakimya.

Ndani ya ndege wako watatu: rubani, anayeangalia kamera, na mwandishi anayenukuu muda wa kuanza na kumaliza kila mstari, kimo, na vitu vya ajabu. Anayeangalia kamera hana kazi nyingine. Kila dakika chache anaifungua picha ya mwisho na kuikuza, maana kamera iliyokata picha dakika ya 5 na kugunduliwa dakika ya 60 imepoteza mistari mitatu.

Hali: mistari yote imerukwa, iliyopitwa na wingu upande wa Ngong imerudiwa. Nakala mbili za diski, kila moja jengo lake.

MACHI: KUSOMA PICHA

Picha ni 8,800 hivi. Nyingi hazina kitu ila majani na vichuguu, na utupu huo ndio unaomchosha msomaji. Kila picha inagawanywa vidirisha 16, vinne kwa vinne, kila kimoja pikseli 1,500 kwa 1,000. Hapo kinaenea kwenye skrini ya kawaida bila kupunguzwa. Msomaji anavipitia kwa mpangilio uleule, juu kushoto hadi chini kulia, na kuweka nukta kwenye kila mnyama. Zamu ni saa mbili, kisha anapumzika. Baada ya saa hizo swala huanza kukosekana kabla ya wengine.

Sheria zilizokubaliwa kabla ya kuanza: mnyama aliyekatwa na ukingo wa kushoto anahesabiwa, wa kulia hahesabiwi. Aliyeonekana katika sehemu ambapo picha mbili zinalaliana anahesabiwa kwenye picha ya kwanza tu. Nyumbu anayekimbia anaweza kusogea mita 30 katika sekunde 2, kwa hiyo usimtafute palepale. Tafuta umbo la kundi.

Wanaochanganywa zaidi ni hawa. Kondoo wekundu wa Kimaasai na swala tomi: rangi ni moja, lakini swala ana matako meupe yanayong'aa, na kondoo hukaa wamebanana huku mchungaji akiwa nyuma yao. Ng'ombe na nyumbu: ng'ombe wa asili ana nundu na kiuno kipana, nyumbu mabega mapana meusi na nyuma nyembamba. Kundi la ng'ombe lina rangi mchanganyiko, la nyumbu lina rangi moja. Punda na pundamilia: kwa sentimita 3 mistari ya matako ya pundamilia inaonekana mwanga ukiwa mzuri, ukungu ukiwapo wote ni kijivu, na hapo jirani zao ndio ushahidi. Pofu dume kutoka juu ni ng'ombe kabisa mpaka utazame pembe kwenye kivuli. Asiyetambulika anaandikwa "swala asiyetambulika" au "mnyama mkubwa asiyetambulika", na baadaye anagawanywa kwa uwiano wa waliotambulika kwenye mstari huo. Kumlazimisha msomaji achague jina ni kumfundisha kudanganya.

Sehemu ya picha inasomwa na watu wawili wasioonana. Hii inatupa kipimo cha waliokosekana. Kwa mfano wa kujifunzia: msomaji wa kwanza ameona wanyama 84, wa pili 79, na 72 wameonwa na wote wawili. Ongeza 1 kwa kila namba, chukua 85 mara 80, gawa kwa 73, kisha toa 1: wanyama kwenye picha wanakadiriwa kuwa 92. Wasomaji wawili kwa pamoja waliona 91. Wa kwanza peke yake aliona 72 kati ya 79 za mwenzake, yaani asilimia 91. Kipimo kifanywe kwa kila aina kivyake, kwa sababu asiyekosa twiga hata mmoja anaweza kukosa swala mmoja kwa kila watano.

Hesabu hiyo haimgusi mnyama ambaye kamera haikuweza kumwona kabisa, kama ngiri aliye shimoni au swala pala aliye katikati ya kichaka. Kwa ngiri idadi yetu itakuwa ya chini daima, na ripoti itasema hivyo waziwazi. Kwa nyumbu wa uwanda ulio wazi pengo hilo ni dogo.

Programu ya kujifunza kwa mashine imejaribiwa kando. Tunatumia aina inayoweka nukta katikati ya mnyama, si kisanduku, kwa kuwa nyumbu waliobanana hupata visanduku vinavyolaliana na programu ikafuta nusu. Picha zinakatwa vipande vya pikseli 640, vikiingiliana pikseli 100 ili mnyama asikatwe mahali pa kukutana. Inachokosea sana ni vichuguu, mawe meusi na vivuli vya vichaka vidogo. Ilipofundishwa kwa picha zenye wanyama tu ilimwona nyumbu kila mahali. Ilipaswa kulishwa maelfu ya vipande vitupu. Kwa sasa kazi yake ni kuchuja: inaweka kizingiti cha chini, inatoa picha zenye dalili yoyote, na binadamu anaamua. Picha zilizoachwa kuwa tupu, sehemu yake inasomwa na mtu kwa bahati nasibu. Kuiachia idadi ya mwisho ni mapema mno.

Jambo moja la usalama. Mbuga ya Nairobi ina vifaru. Kila picha imebeba mahali na saa ndani ya faili lake. Picha yenye kifaru inahamishiwa diski ya pekee iliyofungwa kwa nywila, mahali panafutwa kwenye nakala nyingine zote, na haipelekwi popote isipokuwa KWS. Hata picha nzuri ya kuonyesha wafadhili haitoki.

APRILI: KUTOKA WANYAMA HADI IDADI

Mistari haina urefu sawa, kwa hiyo tunatumia njia ya uwiano, ile namba 2 ya Jolly ya mwaka 1969. Jumla ya wanyama wa mistari yote inagawanywa kwa jumla ya eneo lililopigwa picha, inapatikana idadi kwa kilomita ya mraba, nayo inazidishwa kwa eneo lote.

Mfano mdogo, wa kubuni, unaonyesha mtego ulipo. Mistari minne ya kilomita 20, 24, 16 na 20, upana kilomita 0.188. Maeneo: 3.76, 4.51, 3.01 na 3.76, jumla 15.04. Wanyama: 30, 52, 0 na 68, jumla 150. Ni 9.97 kwa kilomita ya mraba. Kwa eneo la kilomita za mraba 200 unapata 1,995. Namba hiyo inapendeza. Lakini fanya hesabu ya varianzi, yaani jinsi mistari inavyotofautiana: kosa sanifu linatoka karibu 650, na kwa mistari minne tu kizidishio cha uhakika wa asilimia 95 ni 3.18, hivyo mipaka ni toa au ongeza 2,070 hivi. Mpaka wa chini uko chini ya sifuri. Makadirio hayo hayasemi kitu zaidi ya kwamba wanyama wapo.

Kwa hiyo mtu mwenye pesa za saa za ziada za ndege asizitumie kupanua ukanda. Aongeze mistari. Nyumbu hukaa makundi makundi, mstari mmoja unapata mia na wa pili sifuri, na dawa pekee ya tofauti hiyo ni mistari mingi myembamba, au kuligawa eneo katika kanda zinazofanana (mbuga, uwanda wazi, sehemu za ploti) na kuhesabu kosa la kila kanda kivyake. Kanda hizo ziamuliwe kabla ya kuruka. Kuzichora baada ya kuona wanyama walipo ni kujichagulia jibu.

Eneo la kila mstari kwetu halitoki kwenye 0.188 ya mpango. Kila picha ina upana wake kutokana na kimo chake cha leza, na eneo la mstari ni jumla ya picha zake baada ya kuondoa sehemu zinazolaliana na picha zilizofutwa.

Kabla ya kulinganisha na miaka iliyopita kuna onyo. Idara ya serikali ya upimaji wa rasilimali, DRSRS, imekuwa ikihesabu nyanda za Kenya tangu 1977 kwa watazamaji wawili waliokaa viti vya nyuma, wakiruka futi 400 na kupiga picha makundi makubwa tu. Ni hazina ya namba isiyopatikana kwingi Afrika. Kamera huona wanyama zaidi ya macho. Majaribio ya Tsavo yalionyesha hivyo, hasa kwa twiga, pundamilia na swala wakubwa. Basi kuichukua idadi ya kamera na kuiweka mwisho wa mfululizo wa macho kutaonyesha ongezeko ambalo halikutokea ardhini, na kwa nyumbu wa Kaputiei habari hiyo ya uongo ingeumiza: mtu angesema wamepona, njia zifungwe.

Hali: jedwali la mistari liko tayari. Idadi za kila aina zinapelekwa kwanza kwa taasisi zenye dhamana ya wanyamapori, hazitaandikwa hapa kabla ya ukaguzi wao.

KINACHOFUATA

Safari ya mvua inapangwa wiki zinazofuata mvua kubwa, wanyama wakiwa wametawanyika kusini. Mistari ni ileile lakini mwanzo wa bahati nasibu ni mpya. Safari hiyo itabeba pia watazamaji wawili wa viti vya nyuma, wakihesabu kwa njia ya kale kwenye baadhi ya mistari wakati kamera inapiga, ili upatikane uwiano wa macho kwa kamera wa kila aina ya mnyama. Futi 400 za njia ya kale na 600 za kamera zitarukwa mstari mmoja baada ya mwingine, asubuhi ileile. Majani yatakuwa marefu na ya kijani, kwa hiyo programu itafundishwa upya kwa vipande vya msimu huo kabla ya kuchuja chochote. Nyua za seng'enge, mabati mapya na machimbo yaliyoonekana kwenye picha za Februari yanachorwa kwenye ramani sasa hivi, na kazi hiyo inahitaji wasomaji wawili zaidi wanaoijua Kitengela vizuri kiasi cha kutofautisha zizi na kiwanja.